Upande Usio na Mbegu

Mwaka wa kwanza mitufaha yangu ilipozaa vya kutosha kujaza kapu, niliyapanga matunda kwenye meza ya nje nikayatazama kwa muda mrefu. Hakuna hata moja lililokaa wima. Yote yaliegemea upande, kama watu waliochoka kusubiri. Bega moja limepanda, jingine limeshuka. Ubavu mmoja umenona, wa pili umesinyaa. Ladha ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini mtu aliyepanda miche kumi na mmoja, akaimwagilia, akaipogoa na kuingoja miaka minne, hafurahi kuambiwa habari za ladha peke yake.

Nikaanza kutafuta mchawi. Wa kwanza kushukiwa alikuwa udongo, kwa sababu udongo haujitetei. Nikaongeza samadi. Mwaka uliofuata matunda yakawa makubwa zaidi, na yamepinda vilevile. Nikahamia kwenye wadudu, nikapiga dawa bila kujua namwua nani, tena nikapiga wakati baadhi ya maua hayajapukutisha petali zake. Ule ulikuwa ujinga wa daraja la kwanza, na nitaeleza sababu baadaye.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja ambaye maisha yake yote yamepita chini ya miti ya matunda. Nilitegemea ataikagua mitufaha yangu, apekue majani, achimbe udongo kidogo. Hakufanya hata kimoja. Aliokota tufaha lililopinda, akatoa kisu mfukoni. Nilipomnyooshea mkono nimsaidie kulikata, kutoka kikonyoni hadi kitakoni kama tunavyokata sote, akalivuta nyuma.

"Ukilikata hivyo, mwanangu, utalila tu. Hutalisoma."

Akalikata kiunoni, kwa kulizunguka. Nusu mbili zilipoachana, katikati ya kila moja palikuwa na nyota ya ncha tano. Kila mtu anayekula matufaha amewahi kuiona nyota hiyo, na wengi wetu tumeitazama kama pambo. Kumbe ni vyumba. Tufaha lina vyumba vitano, na kwa kawaida kila chumba kina nafasi ya mbegu mbili, kwa hiyo tunda lililokamilika huwa na mbegu kumi, ingawa zipo aina zenye nafasi zaidi ya hizo.

"Hesabu," mzee akasema.

Upande ulionona ulikuwa na vyumba vitatu, kila kimoja na mbegu mbili za kahawia, zimejaa na zinang'aa. Upande uliosinyaa ulikuwa na vyumba viwili, na ndani yake hamna kitu isipokuwa vijiganda vyembamba mfano wa makapi.

"Tunda lako haliumwi. Ndoa yake haikutimia upande huu."

Jioni ile nilikata kapu zima. Mengine yalikuwa na mbegu nne, mengine sita, moja lilikuwa na mbili tu na lilifanana na goti. Karibu kila lilipopinda, palikuwa na chumba kitupu.

Sababu yake ni rahisi kuieleza ingawa ilinichukua muda kuielewa. Nyama ya tufaha tunayoila haitokani na ovari ya ua. Ovari ni ile sehemu ya katikati, ngumu, tunayoitupa. Nyama ni kitako cha ua, kikombe kilichoishika ovari, ambacho hunenepa na kuifunika. Kikombe hicho hakinenepi kwa hiari yake. Mbegu changa hutoa homoni, na homoni hizo ndizo zinazoamrisha nyama iliyo karibu nazo ijigawe, ikue na ivute sukari kutoka majanini. Penye mbegu pana amri. Pasipo na mbegu, nyama husikia amri ya jirani kwa mbali, ikakua shingo upande. Na matunda yenye mbegu chache mara nyingi hupungukiwa pia na kalsiamu, ndiyo maana huwa mepesi kupata yale madoa ya kahawia yenye uchungu chini ya ngozi na kuharibika ghalani.

Kwa hiyo swali langu lilibadilika. Sikuuliza tena nini kinayapinda matunda. Niliuliza kwa nini mbegu hazitungwi. Hapo ndipo aibu yangu ya kweli ilipoanza.

Miti yangu yote kumi na mmoja ilikuwa Red Delicious. Niliichagua kwa picha: tufaha refu, jekundu mno, mabega mapana, na vile vifundo vitano kitakoni kama vidole vya ngumi iliyofungwa. Vifundo hivyo, kwa njia, vinalingana na vile vyumba vitano vya ndani. Nilichokuwa sijui ni kwamba ua la mtufaha, kwa sehemu kubwa, huikataa chavua ya aina yake lenyewe. Unaweza kusema basi chavua itoke mti wa pili, lakini huo mti wa pili ni upi? Mitufaha ya aina moja haitokani na mbegu, hubebeshwa: kijiti kinakatwa mti mmoja na kuunganishwa kwenye shina la mwingine, kizazi baada ya kizazi. Kila Red Delicious duniani ni kipande cha mti mmoja uliojiotea katika shamba la Jesse Hiatt huko Iowa, Marekani, katika karne ya 19. Miti yangu kumi na mmoja, kwa hesabu ya chavua, ilikuwa mti mmoja. Mbegu chache nilizozipata lazima nyuki walizisafirishia chavua kutoka kusikojulikana, na ningewashukuru kama nisingekuwa nimewapiga dawa.

Nikaenda kununua mti wa aina nyingine. Muuzaji, ambaye simtaji, aliniambia aina yoyote tofauti inafaa. Nikachukua Mutsu, kwa sababu jina lilinipendeza. Mutsu ni tufaha zuri sana kula, kubwa, la kijani linalogeuka manjano. Lakini lina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, sawa na Jonagold na Bramley's Seedling, na aina za namna hiyo chavua yake karibu yote haina nguvu. Maua ya Mutsu yalichanua vizuri, nyuki waliyaendea, na chavua waliyoibeba ilikuwa kama mgeni aliyefika harusini mikono mitupu. Misimu miwili ikapotea kwa kutwanga maji kwenye kinu. Kama kuna jambo moja ningependa lichapwe kwa herufi kubwa kwenye kila mche wa mtufaha unaouzwa, ni hili: huu unaweza kuchavusha, huu hauwezi.

Golden Delicious ndiyo iliyoniokoa. Majina yasikudanganye, hawa wawili si ndugu. Moja lilitoka Iowa na jingine West Virginia, na kampuni ya miche ya Stark Brothers ndiyo iliyoyapa majina ya kufanana kwa ajili ya biashara. Chavua ya Golden ni nyingi na ina nguvu, na maua yake hudumu. Nilibebesha vijiti vyake juu ya miti miwili ya katikati, na pembeni nikaweka mtufaha mwitu mmoja, ule wa matunda madogo kama gololi, kwa sababu mitufaha mwitu huchanua mfululizo kwa muda mrefu. Wakati vijiti hivyo havijafikia kuchanua, nilitumia hila ya wakulima wa zamani: unakata matawi yenye maua kutoka mti wa aina nyingine, unayatia kwenye ndoo ya maji, unaiweka ndoo katikati ya miti yako. Inachekesha ukiiona, ndoo ya maua imesimama shambani kama kaburi la mtu maarufu. Inafanya kazi.

Hapo sasa nikaketi kuwatazama nyuki, na nikagundua kitu ambacho wataalamu walishakiandika zamani. Kwenye maua ya Golden, nyuki alitua katikati, akajipakaza chavua, akapita juu ya stigma zote tano, vile vichwa vya kike vya ua vinavyopokea chavua. Kwenye Red Delicious, nyuki yuleyule alitua ubavuni, juu ya petali, akapenyeza ulimi kati ya stameni, zile nyuzi za kiume zinazobeba chavua, akanywa mbochi na kuondoka bila kugusa chochote cha maana. Stameni za Red Delicious zimesimama zimeachana chini, zinaacha mwanya, na nyuki wa asali si mjinga, akishajifunza njia ya mkato hairudii ile ndefu. Nyuki wapweke, wale wanaoziba viota vyao kwa matope ndani ya matundu ya mianzi, wanatua moja kwa moja katikati. Nimewafungia mianzi mikavu ukutani, urefu wa kiganja, upande unaopata jua la asubuhi. Hawana asali, hawana mzinga, na mmoja wao kwangu ana thamani kuliko nyuki wengi wa asali siku ya mawingu.

Maana siku ya mawingu ndiyo mtihani. Nyuki wa asali hawafanyi kazi ya maana joto likiwa chini ya nyuzi 12 au 13 hivi za sentigredi, wala kwenye mvua au upepo mkali. Hata chavua ikishafika kwenye stigma, bado inatakiwa kuotesha mrija hadi chini kwenye yai la mbegu, na safari hiyo huchukua siku kadhaa, zaidi pakiwa na baridi. Yai nalo halingoji milele. Ua linaweza kuonekana zima, jeupe, limefunguka, na ndani yake muda umekwisha. Jalidi ni mbaya zaidi: ua lililofunguka kabisa huanza kufa kwenye nyuzi 2 chini ya sifuri, na likifika karibu nyuzi 4 chini ya sifuri karibu yote yameondoka. Yanayonusurika mara nyingine hubeba mkanda mkavu wa kahawia kiunoni, na tunda hukua limebanwa hapo kama lililovaa mshipi.

Baridi ina upande wake mzuri pia, na hili lilinishangaza. Majuma machache baada ya maua, hali ya hewa ya ubaridi hulirefusha tufaha na joto hulifanya bapa. Red Delicious ya eneo lenye joto huwa fupi na ya mviringo, hata uitunzeje. Wapo wakulima wanaonyunyizia homoni, mchanganyiko wa jibereleni na saitokinini, wakati wa maua ili matunda yarefuke na vifundo vijitokeze. Sina ugomvi nao, soko lao linadai sura hiyo. Mimi sinyunyizi. Naona kama kumfundisha mtoto kutabasamu kwa ajili ya picha.

Kazi iliyobaki, na ndiyo ninayoipenda na kuichukia kuliko zote, ni kupunguza matunda.

Mtufaha huchanua kwa vishada, kishada kimoja kina maua kama matano au sita. La katikati hufunguka kwanza, na wakulima wengi huliita mfalme. Katika mwaka wa maua mengi, ukipata ua moja kati ya ishirini likawa tunda, mti umejaa. Mti wenyewe hulijua hilo na huangusha vitunda vingi wiki chache baada ya maua. Ila hauangushi vya kutosha, kwa sababu haja ya mti si yako. Mti unataka mbegu nyingi, wewe unataka matufaha mazuri. Ukimwachia, kishada kitabeba matunda matatu yanayosukumana, kila moja limebonyea pale lilipomgusa mwenzake, na katikati yao wadudu wamepata nyumba yenye kuta tatu.

Nilijifunza kupunguza mapema. Seli za tufaha hujigawa kwa wiki nne hadi sita hivi baada ya maua, na baada ya hapo zinavimba tu. Hesabu ya seli ikishafungwa, imefungwa. Samaki mkunje angali mbichi. Ukipunguza vitunda vikiwa na ukubwa wa njugu, vilivyobaki hupata seli nyingi na umbo hukamilika. Ukingoja hadi vifikie ukubwa wa limau, umevipunguzia tu vilivyobaki msongamano. Ninaacha tunda moja kwa kila kishada, na kati ya tunda na tunda kiasi cha sentimita 15 hadi 20, yaani shibiri isiyonyooshwa sana. Wanaopenda hesabu husema kila tunda linahitaji majani kama 30 hadi 40 ya kulilisha. Mimi sihesabu majani. Naangalia tawi, na kama moyo unaniuma ninapokata, najua nakata kiasi kinachotosha.

Lipi libaki? Hapa wakulima wamegawanyika na hawatapatana leo. Wengi wa mashamba makubwa humwacha mfalme, kwa kuwa ndiye mkubwa na aliyetangulia kujigawa. Wakulima wa bustani za Uingereza kwa desturi humkata mfalme kwanza, kwa hoja kwamba mara nyingi umbo lake si la kawaida, kikonyo chake kifupi na kinene. Nimejaribu zote mbili. Kwenye Red Delicious mfalme huwa mrefu na mzuri, namwacha. Kwenye Golden nimewahi kupata wafalme wenye shingo za ajabu, waliojiegemeza kwenye tawi kwa sababu ya kikonyo kifupi. Sasa sitazami cheo. Naligeuza tunda kwa vidole viwili, natazama kitako chake, nikiona limeanza kuinama upande mmoja naliondoa hata kama ndilo kubwa kuliko yote. Tufaha lililopinda likiwa njugu litapinda likiwa ngumi.

Vidukari nitawataja kwa sababu ndio pekee walionidanganya baada ya kujifunza kuhesabu mbegu. Kuna aina ya vidukari wa rangi ya majivu na waridi wanaojikunja ndani ya majani machanga karibu na vishada. Mate yao huvuruga ukuaji wa tunda hata kama hawajaligusa. Matunda hubaki madogo, yana vinundu kitakoni, na hukaa vivyo hivyo mtini hadi mwisho. Mwaka ule nilikata lililonunduka, nikakuta mbegu zipo, nikakuna kichwa. Jibu lilikuwa kwenye majani yaliyosokotana juu yake. Mayai yao hukaa kwenye gome mti ukiwa umelala, kwa hiyo vita yake ni mapema, kabla majani hayajajikunja. Wadudu kibibi hunisaidia, nami huwasaidia kwa kuzuia sisimizi wasipande shina, maana sisimizi huwalinda vidukari kama mali yao.

Yapo mengine: ukungu wa mabaka meusi ambao ukilishika tunda likiwa changa hulipasua na kulipinda, na dawa yake ya kwanza ni kuzoa majani yaliyoanguka. Upungufu wa boroni, ambao hutia ugumu kama gamba ndani ya nyama. Virusi fulani visivyotibika, na mti huo unang'olewa. Sitakaa hapo.

Nikae kidogo kwenye swali ambalo rafiki yangu aliniuliza akiwa amejaza mdomo tufaha langu bovu la mwaka wa pili. Umbo zuri ni lipi, na nani alisema? Kuna tufaha la Kifaransa, Calville Blanc d'Hiver, lenye mabonde na migongo kama boga dogo, na linasifiwa kwa ladha tangu karne nyingi. Kuna Api Étoilé, bapa, lenye pembe tano kama nyota. Kuna Knobbed Russet ya Uingereza, inayojulikana tangu 1819, ambayo ukiiokota gizani utadhani ni kiazi kilichougua. Yote hayo yana umbo lake sahihi. Na Red Delicious yangu mwenyewe ni kisa cha kuonya: kwa miongo mingi ilichaguliwa tena na tena kwa wekundu na urefu, kijiti chekundu zaidi kikibebeshwa kila mara, mpaka ikafika pahali picha ni tamu kuliko tunda. Nilimjibu rafiki yangu kwamba kwangu tufaha lenye umbo zuri ni lile lililokua kama aina yake inavyotaka, pande zote. Tufaha la Api Étoilé lenye ncha nne limenyimwa kitu.

Msimu uliopita baridi iliingia katikati ya maua na ikakaa siku nne. Nyuki hawakutoka. Nilichukua brashi laini ya rangi, nikakusanya chavua ya Golden kwenye kikombe kikavu, nikapanda ngazi na kuchavusha tawi moja, ua kwa ua, nikipitisha brashi juu ya stigma zote tano. Huko Japani wapo wanaofanya hivyo shamba zima, wakitumia vijiti vyenye manyoya laini nchani. Mimi tawi moja lilinitosha kuumwa na shingo wiki nzima.

Wakati wa kuvuna, tawi lile lilikuwa na matunda kumi na saba, na kumi na sita yalikaa mezani wima. La kumi na saba lilikuwa limepinda vibaya, ubavu mmoja bapa kabisa. Nikalikata kiunoni nikiwa na hakika ya nitakachokiona. Mbegu kumi, zote zimejaa.

Nikapanda tena ngazi. Nilikagua jani kwa jani, nikitafuta vidukari, nikitafuta ukungu. Hakuna. Kisha nikaona, nyuma ya pale lilipokuwa linaning'inia, tawi nene lenye sehemu iliyolainika na kung'aa, ukubwa wa sarafu. Tunda lilikuwa limebanwa pale tangu likiwa njugu, na mimi mwenyewe ndiye niliyeliacha nilipokuwa napunguza. Nililila pale pale juu ya ngazi, nikaanza na ule ubavu bapa.